Kuagiza katika Mkahawa wa Kichina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Maswali haya huulizwa mezani, aghalabu kwa sauti ya chini, mhudumu akiwa amekwisha kusimama na kalamu mkononi huku menyu ndefu ikiwa bado imefunguliwa ukurasa wa kwanza. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mlaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kisii au Eldoret, ambaye ana samaki wa ziwani, viazi vya Molo na mchele wa Ahero karibu naye, na ambaye amechoka kuagiza wali wa kukaanga na kuku kila mara kwa sababu tu ndicho chakula anachokijua.

Sijawahi kula chakula cha Kichina. Nianze na nini?

Anza na kuku wa kung pao. Ni vipande vya nyama ya kuku visivyo na mifupa, vilivyokatwa kwa ukubwa wa dadu, vikakaangwa haraka kwenye moto mkali pamoja na pilipili kavu, tangawizi, kitunguu saumu, vitunguu vya majani na njugu, kisha vikafunikwa kwa mchuzi mchache wa soya, siki na sukari. Chakula hiki ni cha jimbo la Sichuan, na huhusishwa na Ding Baozhen, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo katika karne ya 19 wakati wa utawala wa Qing. Mlaji aliyekulia Homa Bay au Busia, ambako njugu hukaangwa na kuuzwa kila kituo cha matatu, hataiona ladha yake kuwa ngeni. Zitafune njugu zenyewe kwanza: zinapaswa kulia zikitafunwa. Zikiwa zimelegea, mpishi amezitia mapema mno zikapikwa ndani ya mchuzi, nawe umejua jambo kuhusu jikoni kwake.

Chakula cha pili ambacho hakimtishi mgeni ni kuku au nguruwe wa tamu na chachu, ambacho asili yake ni Guangdong, kusini mwa China. Kikipikwa vizuri, nyama huwa na ganda kavu, na mchuzi hulipaka ganda hilo bila kulilowesha. Kikipikwa vibaya, hufika kama maandazi yaliyotumbukizwa katika sharubati nyekundu. Ni chakula kizuri kwa meza moja, lakini hakuna sababu ya watu wanne kukiagiza sahani nne.

Menyu ina vyakula zaidi ya mia. Nitavitofautisha vipi?

Menyu nyingi za Kichina katika miji yetu zimechanganya mapishi ya sehemu tatu ambazo kwao hazikai meza moja. Ukizitambua, menyu hupungua ugumu mara moja.

Sehemu ya kwanza ni Guangdong. Hapa ndipo panapotoka supu nyepesi, samaki wa mvuke, nyama ya ng'ombe yenye mchuzi wa chaza, tambi za chow mein na vile vitafunio vidogo vya mvuke viitwavyo dim sum, ambavyo hujumuisha miguu ya kuku iliyopikwa mpaka mfupa ukaachana na ngozi. Wapishi wa Guangdong wanathamini ladha ya kitu chenyewe kuliko viungo. Sehemu ya pili ni Sichuan, kwenye kung pao, mapo tofu (tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini laini), nguruwe wa kupikwa mara mbili na samaki wa mafuta ya pilipili. Huko ladha ni kali, nzito na yenye kuchangamsha.

Sehemu ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi, kwa kuwa ilizaliwa India. Ukiona chochote kilichoandikwa Manchurian, iwe kuku, koliflawa au mboga, ujue umefika katika upishi wa Wachina waliohamia Kolkata tangu karne ya 18, ambao waliunganisha karai la kwao na dania, pilipili mbichi na kitunguu saumu kingi cha Wahindi. Kuku wa Manchurian mwenyewe huhusishwa na mpishi Nelson Wang, aliyekuwa akipika Mumbai katika miaka ya 1970. Kisumu imekuwa na jamii kubwa ya Wahindi tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, kwa hiyo si ajabu upishi huu kupata wenyeji hapa. Usiudharau kwa kuwa si wa China. Mahali ambapo mpishi amejifunza kwa Wahindi, kuku wake wa pilipili mbichi huenda akawa chakula bora zaidi katika menyu nzima, na tambi zake za Guangdong zikawa za kupita tu.

Kuna pia vyakula vya kaskazini mwa China, hasa maandazi madogo ya kuchemshwa yenye nyama ndani, ambayo huliwa kwa kuchovywa katika siki, na bata wa Beijing. Bata huyu hukaushwa na kuchomwa kwa muda mrefu mpaka ngozi ikawa kavu na yenye kung'aa, naye huliwa kwa kufungwa katika chapati nyembamba pamoja na kitunguu na mchuzi mweusi mtamu. Mkahawa wa Quanjude wa Beijing, ulioanzishwa mwaka 1864, ndio uliompa umaarufu mkubwa. Kwetu ni afadhali upige simu siku moja kabla. Bata anayekuja dakika ishirini baada ya kuagizwa amepashwa moto tu.

Tuko watu sita. Tuagize vipi?

Msiagize kila mtu sahani yake. Katika desturi ya Kichina chakula huwekwa katikati na kila mtu hujichotea kidogo kidogo, akiwa na bakuli lake la wali, jambo ambalo halitamsumbua mtu yeyote aliyelelewa akila kutoka sinia moja na ndugu zake. Hesabu ya kawaida ni sahani moja kwa kila mlaji, kisha supu moja kubwa na wali wa kutosha wote.

Kinachofanya meza iwe nzuri ni tofauti kati ya sahani na sahani. Nyama isirudiwe, njia ya kupika isirudiwe, na mchuzi usirudiwe. Kwa watu sita, chukueni samaki mzima wa mvuke, kuku wa kung pao, nyama ya ng'ombe ya tangawizi na vitunguu vya majani, biringanya ya mchuzi wa kitunguu saumu, tofu, na sahani kubwa ya mboga za majani zilizokaangwa kwa kitunguu saumu peke yake. Angalieni kwamba ni sahani moja tu yenye pilipili ya kutosha kumtoa mtu jasho, ni moja tu yenye utamu wa sukari, na ya mboga haina mchuzi mzito kabisa, maana ndiyo inayousafisha mdomo kati ya tonge na tonge. Kosa linaloonekana mara nyingi ni meza yenye vyakula vitano ambavyo vyote vimekaangwa kwa mafuta mengi na kupakwa mchuzi wa kahawia. Baada ya sahani ya pili hakuna anayetofautisha kuku na ng'ombe.

Sahani zitakuja kila moja inapoiva. Mhudumu hajasahau utaratibu. Karai moja hupika chakula kimoja kwa dakika chache, na kinacholetwa ni kile kilichotoka motoni sasa hivi.

Nipo Kisumu. Je, samaki ni wa kuagiza?

Kisumu, samaki ndiye wa kuagizwa kabla ya kitu kingine chochote, na namna ya kumwagiza ni mzima, wa mvuke, kwa tangawizi na vitunguu vya majani.

Inafaa kueleza jinsi anavyopikwa, kwa sababu wengi wetu tunaposikia samaki wa mvuke tunadhani ni chakula cha mgonjwa. Ngege, yaani tilapia, wa kutosha watu wawili au watatu husafishwa, akachanjwa mbavuni, akawekwa juu ya vipande vya tangawizi ndani ya mvuke mkali kwa dakika chache tu, takriban kumi kwa samaki wa kawaida. Anapotolewa, maji yaliyokusanyika sahanini humwagwa, kwa kuwa ndiyo yanayobeba shombo. Kisha tangawizi na vitunguu vya majani vilivyokatwa kama nyuzi hutandazwa juu yake, na mafuta yaliyopata moto mpaka yakaanza kutoa moshi humiminwa juu ya nyuzi hizo. Utasikia zikilia, na harufu yake hufika meza ya pili. Mwisho kabisa mchuzi wa soya hutiwa pembeni mwa sahani, usipite juu ya samaki. Nyama iliyo karibu na mfupa wa mgongo inapaswa kuwa imeiva sasa hivi tu, ikiachana na mfupa kwa kuguswa, nyeupe na yenye unyevu.

Upishi wa namna hii hauwezi kumsitiri samaki aliyelala. Ndiyo maana swali la kumwuliza mhudumu ni moja: samaki ametoka ziwani leo, au ametoka kwenye friza? Kenya imekuwa ikiingiza tilapia waliogandishwa kutoka China, jambo lililozua mjadala mkali mwaka 2018, na lingekuwa jambo la kuchekesha kukaa umbali wa kutembea kutoka Ziwa Victoria ukila ngege aliyevuka bahari. Mikahawa mingine itakuruhusu kumwona kabla hajapikwa. Mtazame macho, yawe maangavu na yaliyojaa, na mashavu yawe mekundu. Ikiwa jibu ni friza, badilisha agizo: omba samaki wa kukaangwa mpaka akakauka na kumiminiwa mchuzi wa tamu na chachu, ambao utamfaa.

Mbuta, yaani sangara, ambaye minofu yake ni minene na haivunjiki ovyo, anafaa zaidi kwa ule upishi wa Sichuan ambamo vipande vya samaki huletwa vikielea katika bakuli kubwa la mafuta mekundu, pilipili kavu na machipukizi ya maharagwe. Wachina hutumia samaki wa mito na mabwawa yao, lakini mbuta anaibeba kazi hiyo vizuri kuliko ngege. Mafuta hayo hayanywewi. Unachota samaki na mboga kwa kijiko chenye matundu, na bakuli hurudi jikoni likiwa bado limejaa.

Samaki mzima huwekwa mezani kichwa kikimwelekea mgeni wa heshima. Katika jamii za wavuvi za kusini mwa China, upande mmoja ukiisha hawamgeuzi samaki, kwa imani kwamba kumgeuza ni kuipindua mashua. Huuondoa mfupa wa mgongo na kuendelea na upande wa chini. Wavuvi wa Dunga wataona wenyewe kama kuna haja ya kujaribu bahati.

Sili pilipili. Je, kila chakula cha Kichina kinawasha?

La. Vyakula vya Guangdong kwa kawaida haviwashi hata kidogo. Pilipili yenyewe iliingia China kutoka bara la Amerika mnamo karne ya 16, ikashika mizizi zaidi katika majimbo ya bara kama Sichuan na Hunan.

Jambo ambalo mlaji anapaswa kulitarajia ni pilipili ya Sichuan, ambayo si pilipili kamwe kwa ukoo wa mimea. Ni maganda madogo ya mti ulio jamaa na ndimu, yenye harufu ya ndimu, na haiwashi. Hutia ganzi midomo na ulimi kwa dakika chache, kiasi kwamba watu huagiza maji wakidhani wamedhurika. Utaikuta ndani ya mapo tofu, chakula cha mji wa Chengdu kilichoanza karne ya 19, chenye vipande laini vya tofu, nyama kidogo ya kusagwa na mchuzi mwekundu wa maharagwe yaliyochachushwa. Ikiwa hutaki ganzi hiyo, sema kabla ya kupikwa. Zile pilipili kavu nzima zilizo ndani ya kung pao ziko pale kwa ajili ya kutia harufu katika mafuta. Hazitafunwi, huachwa kando ya sahani.

Wali mweupe, wali wa kukaanga au tambi?

Ukiwa umeagiza vyakula vyenye mchuzi, chukua wali mweupe. Wali wa kukaanga ni mlo unaojitosheleza, una mayai, chumvi na mafuta yake, na ukimwagiwa mapo tofu vyote viwili huharibika. Wali wa kukaanga unaosifiwa zaidi unatajwa kwa jina la mji wa Yangzhou, wenye kamba wadogo, vipande vya nyama ya nguruwe na yai. Ubora wake unaonekana kabla ya kuonja: kila punje imesimama peke yake na imepata rangi kidogo, na chini ya sahani hapajakusanyika mafuta. Wali huo hupikwa kwa wali uliopoa, kwa kuwa wa moto una unyevu mwingi na hushikana. Mchele wetu wa pishori unafaa kwa kazi hii. Kasoro yake ni kwamba haushikani vya kutosha kuliwa kwa vijiti, na hilo ni jambo la kijiko tu.

Kwa tambi, chow mein ya kukaangwa ndiyo inayopatikana kila mahali. Iagize ikiwa na chipukizi za maharagwe na kabeji kwa wingi, na uile papo hapo. Ukibahatika kupata tambi za nyama ya ng'ombe za mtindo wa Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, zinazovutwa kwa mikono na kuliwa ndani ya supu nyangavu yenye dania na mafuta ya pilipili, ziagize bila kusita, hasa Nakuru jioni ya Julai baridi inaposhuka kutoka Menengai.

Swali la ugali huulizwa pia, kwa haya. Iwapo mkahawa una ugali, hakuna kinachokukataza. Unakwenda vizuri na mboga za kitunguu saumu na nyama ya ng'ombe ya mchuzi mzito, na kwa maoni yangu mapo tofu kwa ugali ni bora kuliko mapo tofu kwa wali wa kukaanga.

Sili nyama. Nitapata nini zaidi ya mboga za kuchanganya?

Mengi, na baadhi yake ni bora kuliko vyakula vya nyama. Kuna biringanya ya Sichuan, ambayo hukaangwa mpaka ikawa laini kama siagi na kupikwa kwa tangawizi, kitunguu saumu, siki na sukari. Kuna mishiri ya kukaangwa bila maji mpaka ngozi yake ikakunjamana na kupata madoa ya kahawia. Kuna mayai na nyanya, chakula ambacho familia nyingi China hupika nyumbani na ambacho mikahawa haikitangazi sana, kinachofanana na kile tunachokipika sisi asubuhi isipokuwa kina kidokezo cha sukari.

Na kuna viazi. Mtu wa Molo au Nyandarua huenda asiamini kwamba kiazi kinaweza kukatwa nyuzi nyembamba kama njiti za kiberiti, kikaoshwa mpaka wanga wote ukatoka, kisha kikakaangwa kwa siki na pilipili kavu kwa dakika mbili na kuletwa mezani kikiwa bado kinalia mdomoni. Wengi hukirudisha jikoni wakidai hakijaiva. Kimeiva. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa, na mtu akikizoea hukiagiza kila mara.

Tahadhari ni kwamba nyama hujificha. Mapo tofu na mishiri kwa kawaida hutiwa nyama ya kusagwa, mboga za majani hupakwa mchuzi wa chaza, na supu ya mboga mara nyingi imeanzia kwenye maji ya kuku. Kusema kwamba huli nyama hakutoshi. Taja pia supu na mchuzi wa chaza kwa majina yao.

Mimi ni Mwislamu, na rafiki yangu ni Msabato. Tunaweza kula mkahawa mmoja?

Inawezekana, lakini ulizeni maswali tofauti. Kwa Mwislamu, kutoagiza nguruwe ni mwanzo tu. Linalofuata ni kujua kama kuku na ng'ombe wamechinjwa kihalali, kama mafuta ya nguruwe yanatumika jikoni, na kama mpishi hulaza nyama katika mvinyo wa mchele, ambao upishi wa Kichina huutumia kama sisi tunavyotumia ndimu kuondoa harufu. Karai pia ni lile lile, likisuguliwa kwa maji ya moto kati ya chakula kimoja na kingine. Usione haya kuuliza. China ina mamilioni ya Waislamu, wakiwemo Wahui na Wauyghur, na tambi za Lanzhou zilizotajwa hapo juu ni chakula cha Wahui. Vivyo hivyo nyama ya kondoo ya kuchomwa kwa bizari nyembamba na pilipili ni ya Xinjiang, eneo la magharibi mwa China, na itampendeza kila mpenzi wa nyama choma.

Kwa Wasabato, ambao ni wengi Kisii na Nyanza, orodha ya vilivyokatazwa ni tofauti: nguruwe, kamba, ngisi, chaza, na samaki wasio na magamba. Ngege ana magamba, mbuta ana magamba, kwa hiyo samaki hana tatizo. Tatizo ni mchuzi wa chaza, ambao hauonekani kwa macho na hutiwa katika nyama ya ng'ombe, uyoga na mboga. Mwombeni mpishi atumie soya peke yake. Springroli nazo mara nyingi zina kamba au nguruwe ndani, na aliyeleta sahani si lazima ajue, kwa hiyo aende akaulize jikoni.

Je, ile chumvi ya Kichina ina madhara?

Chumvi hiyo, inayojulikana pia kwa jina la ajinomoto, ilitengenezwa Japani. Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, aliipata mwaka 1908 kutoka katika mwani unaotumiwa kwa supu. Sifa yake mbaya ilianza mwaka 1968, pale jarida moja la kitabibu la Marekani lilipochapisha barua ya daktari Robert Ho Man Kwok, aliyeeleza kwamba hufa ganzi shingoni na moyo kumwenda mbio baada ya kula katika mikahawa ya Kichina, akataja sababu kadhaa zinazowezekana. Uvumi uliichukua sababu moja na kuziacha nyingine. Majaribio yaliyofanywa baadaye, ambamo watu hawakujua wamepewa nini, hayakuthibitisha madhara hayo kwa kiwango cha kawaida cha chakula, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huihesabu kuwa salama.

Kiini chake kimo kiasili katika nyanya, uyoga na jibini, na anayeikimbia mkahawani anaweza kuikuta kabatini mwake akisoma karatasi za vikolezo vya mchuzi. Hata hivyo, mpishi anayeitia kupita kiasi anafanya vyakula vyote vifanane. Ukiomba apunguze, hujamtukana.

Nina shinikizo la damu, kisukari au mzio. Niepuke nini?

Kwa shinikizo la damu, adui ni mchuzi wa soya. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban miligramu 900 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite miligramu 2,000 kwa siku nzima. Chagua vyakula vya mvuke, omba soya iletwe kando, na usimimine mchuzi uliobaki sahanini juu ya wali wako, ingawa ndio mtamu kuliko vyote. Kwa kisukari, vyakula vya tamu na chachu vina sukari nyingi kuliko vinavyoonekana, na michuzi inayong'aa imekolezwa kwa wanga.

Mwenye mzio wa njugu asitosheke na kuacha kung pao, kwa kuwa karai na mafuta hutumika kwa vyakula vingi. Anayedhurika na ngano akumbuke kwamba soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano pia. Simsim nayo imo katika mafuta yanayodondoshwa mwishoni ili kutia harufu.

Kwa nini nyama yao ni laini kuliko ninayopika nyumbani?

Kwa sababu imeandaliwa kabla ya kukutana na moto. Nyama hukatwa nyembamba kukingama na nyuzi zake, ikalazwa kwa nusu saa hivi katika soya, ute wa yai na unga wa wanga wa mahindi, kisha ikapitishwa kwa sekunde chache katika mafuta au maji ya moto kabla ya kukaangwa. Wanga hufanya kijigamba chembamba kinachozuia unyevu usitoke. Nyama ngumu ya ng'ombe huongezwa chembe ya magadi ya kuokea. Ng'ombe wetu, wengi wakiwa wametembea sana, wanahitaji chembe hiyo, lakini ikizidi nyama huteleza mdomoni na kuacha ladha ya sabuni.

Watoto wataagiza nini?

Supu ya mahindi na kuku, wali wa mayai, na kuku wa tamu na chachu. Wengi pia hupenda maandazi ya kuchemshwa, ila yanashika joto ndani, hivyo yapasuliwe kwanza.

Je, ni lazima kutumia vijiti?

Hapana. Omba kijiko na uma. Ukitumia vijiti, usivichomeke vikasimama wima ndani ya wali, kwa kuwa hivyo ndivyo vijiti vya ubani huwekwa kwa ajili ya wafu.

Vipi kuhusu chakula cha kuletewa nyumbani, na mabaki?

Chakula kitakachopanda bodaboda kichaguliwe kwa kigezo kingine. Vitu vikavu vyenye ganda, kama springroli na kuku wa kukaangwa, hutoa jasho ndani ya kopo na kulegea kabla havijafika Milimani. Omba mchuzi ufungwe peke yake na mifuniko iachwe wazi kidogo. Samaki wa mvuke asisafirishwe. Vinavyosafiri salama ni biringanya, mapo tofu, nguruwe wa kupikwa mara mbili na nyama yoyote ya mchuzi mzito, ambavyo hata hupata ladha zaidi vikitulia.

Wali uliobaki unahitaji uangalifu kuliko nyama. Mchele hubeba mbegu za bakteria zisizokufa kwa kupikwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba, bakteria hao huzaana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha mpaka ukatoa moshi. Katika joto la Kisumu muda ni mfupi: utandaze upoe haraka, uingie friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, na uliwe kesho yake. Wali uliolala mezani usiku kucha utupwe, hata kama hauna harufu yoyote.